Kifurushi cha Kona ya Mlango

9 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, tukianza na za baba yako, ambaye goti lake limepona ila hataki watu wajue, maana akijulikana amepona atapewa kazi. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha na sauti imerudi yote, kama wafanyakazi wenzangu wa banda la parachichi wanavyoweza kukuthibitishia huku wameziba masikio. Siku hizi wananiita Mama Kivuli. Wanadhani sijui. Ni kwa sababu kila nikiona kreti imeachwa juani napiga kelele, "Kivulini! Kivulini!", hadi jirani wa ng'ambo ya barabara naye akaanza kuhamisha viti vyake.

Mzigo unaondoka leo jioni. Tulichuma jana asubuhi kabla jua halijawa kali, kila tunda na kikonyo chake kifupi, na yamelala kwenye chumba cha baridi usiku kucha. Baridi imeingia hadi kwenye kokwa. Maboksi nimeyapanga kwa mkono wangu, tundu likitazamana na tundu ili hewa ipite, na juu nimeacha nafasi. Wewe huko ghalani ukifungua milango ukakuta tunda limelegea, ujue limelegea njiani, halikulegea kwangu.

Dereva ni yuleyule, Taratibu. Wenzake walimpa jina hilo kwa kumcheka, kwa sababu akiona tuta la barabarani anapunguza mwendo tangu likiwa mbali. Mimi simcheki. Parachichi likishagongwa halisemi siku hiyo, linasema likifika mezani kwa mnunuzi. Ningekuwa na madereva wote wa namna yake ningelala mapema.

Nimekufungia ndizi zako za nyuma ya jikoni, zile ulizokuwa unaiba zikiwa bado kwenye mkungu. Zimeiva vizuri. Nilitaka azibebe mbele kwenye kiti, akasema joto la injini litazipika, bora aziweke ndani kwenye baridi, juu ya maboksi ya kona ya mlango, ili ukifungua tu uzione. Ana akili mtu yule, ingawa kumtoa neno ni kazi. Barua hii pia ataitia mfukoni mwa shati afunge na kifungo.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie asikuache utoke na lile koti la ghalani mtaani, watu wataniuliza nimekulea vipi.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Sisi huku ni wazima na tunakukumbuka kila tukikaa kula. Habari ya koti umechelewa. Nilitoka nalo juzi kwenda kununua mkate, jua la saa nane, mimi na koti la manyoya na buti, pua bado nyekundu kwa baridi ya ghala. Muuza mkate aliniuliza kama natoka au naenda hospitali. Sasa mtaa mzima unaniita Koti, na mke wangu, badala ya kunitetea, naye ameanza.

Ndizi nimezipata. Maganda yalikuwa yamekuwa meusi kwa baridi, lakini ndani ni zilezile. Nilikula mbili. Nyingine zote amemaliza mkweo peke yake, tena nyingine amekula amesimama.

Shangazi, kuna jambo. Nilikuwa sitaki kulisema lakini sasa limetokea mara ya pili. Mzigo wenu unafika mzuri kabisa, mgumu, baridi, hakuna hata alama ya kidole. Isipokuwa maboksi ya nyuma, kona ya mlango wa kulia. Pale nikibonyeza, tunda linaitikia. Mengine yameshaanza kuwa meusi. Parachichi letu linatakiwa lipande meli likiwa gumu, likianza kuiva huku halifiki kokote. Mara ya kwanza tuliyatoa maboksi yale kimyakimya. Safari hii meneja wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Anasema dereva anafungua mlango njiani. Labda anapakia abiria, labda anauza matunda kidogo kidogo, na joto linaingia kila akifungua. Ripoti imeandikwa na kupelekwa kwa kampuni ya malori. Nimeona nikuambie kabla hujasikia kwa watu.

Taratibu mwenyewe alisimama pale wakati tunakagua. Aliniuliza tu kama kifua chako kimepona.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Nyumbani wazima. Baba yako amegundulika, jana alimkimbiza kuku hadi barabarani kwa goti lilelile, na sasa anafyeka nyasi huku akinuna. Bibi wa jirani amepata meno mapya na anacheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Umeandika "ripoti imeandikwa". Ripoti haijiandiki, mwanangu. Lakini hilo tuliache, nisije nikachana karatasi kwa kalamu.

Huyo mtu hafungui mlango. Mimi ndiye ninayepiga lakiri mlangoni kabla gari halijatoka, na wewe ndiye unayeikata. Umeikuta imekatwa hata mara moja? Basi. Na abiria atapanda kule nyuma ageuke barafu? Meneja wako amewahi kuingia kwenye lori la baridi, au analiona dirishani tu?

Sikukaa kimya. Gari lilipokuja nililikagua mwenyewe, na Taratibu akinishikia taa. Unajua namna ya kupima mpira wa mlango? Unafunga mlango juu ya karatasi, halafu unaivuta. Ikigoma kutoka, mpira ni mzima. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka hapohapo. Tulipima mlango wote kuzunguka. Kona ya kulia, chini, karatasi ilitoka kama imepakwa mafuta. Nikapiga ukelele wa furaha hadi wenzangu wakaja mbio. Mpira mpya umetiwa, nimesimamia mimi, na Taratibu amebaki yadi hadi giza akiubana vizuri. Nilimpelekea chai. Alikunywa vikombe vyote viwili, na cha pili kilikuwa changu.

Kwa hiyo jambo limekwisha. Mwambie meneja wako amwombe radhi.

Ndizi nimeongeza, kwa kuwa umesema mkwe wangu anazimaliza. Nimefungasha nyingi, za kumtosha mtu anayekula amesimama. Na tukiwa hapohapo, mtu anakula amesimama kwa nini? Kuna habari sijaambiwa?

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, na asante kwa ndizi. Zilikuwa nyingi kweli. Mvua imetutembelea wiki nzima na chumba chetu kinavuja pale juu ya kabati, kwa hiyo tumehamisha kabati, na sasa linavuja juu ya kitanda. Mwenye nyumba amekuja kuangalia, akatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba nyumba ni ya mtu mwingine.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianze vipi. Mpira mpya haukusaidia. Safari hii ni mbaya kuliko zote. Kona ileile, lakini sasa ulaini umesambaa hadi safu ya katikati. Nimepima joto kwa kipimajoto cha sindano tunda kwa tunda, mbele na nyuma, na baridi iko sawasawa. Sielewi. Nimelisema hilo ghalani, ila meneja anasema matunda hayalegei kwa mapenzi yao.

Kampuni ya malori imemwondoa Taratibu barabarani. Yuko yadi kwenu, anaosha magari, wakati wanamchunguza. Walimuuliza mbele yangu kama kuna kitu kimewekwa au kuondolewa kwenye mzigo njiani. Alinitazama mimi kidogo, akatazama chini, akasema hana la kusema. Wewe unamjua. Kunyamaza kule kumemponza, maana wao wameona ni kukiri.

Shangazi, nakuuliza kwa heshima yote: yule mtu ana nini na wewe? Mbona barua zako zina jina lake zaidi kuliko la baba?

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Wote wazima.

Barua yako ilikuja kwa posta, ndiyo maana ilikaa njiani hadi karatasi ikapata mikunjo kama uso wangu. Zamani zilikuja mfukoni mwa shati, hazijakunjika hata pembe.

Banda linaendelea. Dereva mpya ni kijana mwenye haraka, anapiga honi kabla sijamaliza kupanga. Juzi niliingia ndani ya lori nikakaa juu ya boksi hadi alipozima injini. Ndizi sikukutumia, sina mazoea naye ya kumkabidhi kitu. Zimeivia kwenye mkungu, ndege wamekula. Mkwe wangu anisamehe.

Yadi ya malori iko njiani ninapokwenda sokoni. Kuna njia nyingine fupi zaidi. Siitumii.

Swali lako nimelisoma. Langu nalo hukulijibu.

Shangazi yako


21 Juni

Shangazi mpendwa,

Naanza na swali lako ili nawe usiwe na kisingizio. Ndiyo, tunatarajia mtoto. Mwezi wa kumi, Mungu akijalia. Mke wangu alitaka tusubiri kidogo kabla ya kusema, mimi nikajifanya sijasoma mstari wako, na sasa naona aibu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa baada ya mama yake, kwa hiyo ukimwambia baba, mwambie alijua siku moja na wewe.

Sasa kaa chini.

Mzigo bila kifurushi umefika mzima wote. Kona ya mlango, safu ya katikati, kila mahali, mgumu kama siku ulipochumwa. Meneja alipiga makofi. "Umeona?" akaniambia. "Tumebadilisha dereva, matunda yamepona." Kampuni ya malori nayo ikasema basi imethibitika, Taratibu anaachishwa kazi mwisho wa mwezi huu. Na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na furaha, Shangazi. Nasema kweli, nilikuwa na furaha, kwa sababu banda lako limepona.

Nikamkuta mke wangu jikoni. Alikuwa amenunua maparachichi magumu, anayapanga kwenye mfuko, na katikati ya mfuko akatia ndizi mbivu mbili, akafunga kwa kamba. Nikamuuliza ya nini. Akaniangalia kama mtu aliyeoa bila kufundwa. "Yaive haraka," akasema. "Kwani kwenu mlikuwa mnavundika na nini?"

Nilikaa kwenye ndoo. Kwetu tulikuwa tunavundika na ndizi mbivu, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Ndizi mbivu inatoa pumzi yake, na tunda gumu likiivuta linaamka. Kwenye mfuko au kwenye lori, ni kulekule kufungiwa. Baridi inatoka mbele inapita juu, na kona ile ya mlango ndiyo ya mwisho kufikiwa na hewa. Pumzi inatuama pale. Ulipoongeza ndizi, ulaini nao ukaongezeka. Sikutaka kuamini, nikachukua maboksi mawili yaliyokataliwa kwa makovu, nikafungia moja na ndizi na jingine bila, kwenye chumba kimoja cha baridi. Lenye ndizi lilitangulia kulegea kwa mbali. Mimi kila siku napima baridi kwa sindano, kumbe nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimekibeba kwapani nakipeleka nyumbani.

Ripoti niliiandika mimi. Unalijua tayari, lakini nimeona ulione kwa mwandiko wangu.

Jumatatu nilimwambia meneja kila kitu. Mpokeaji haruhusiwi kupokea hata limau kutoka kwenye gari analolikagua, kwa hiyo nilijua naweza kufukuzwa, na nilikuwa nimeshalivua koti tayari kulirudisha. Hakunifukuza. Amenihamishia chumba cha matango, niko huko hadi atakaponitazama bila kukasirika. Lakini kuhusu Taratibu amesema hilo ni la kampuni ya malori, atawaandikia akipata nafasi. Na simjui mtu anayekosa nafasi kama meneja wangu. Mwisho wa mwezi uko karibu. Nimepiga simu yadi kwenu, wananiambia nilete barua rasmi ya meneja.

Sijui nifanye nini zaidi. Hii naituma na basi la asubuhi ili ikufikie haraka.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

Mwezi wa kumi! Nimecheka peke yangu hadi baba yako akatoka nje kuangalia. Nilimwambia, naye akasema alijua zamani kwa jinsi ulivyokuwa unaandika. Hukuwahi kumwandikia. Mwambie mkwe wangu apumzike, na wewe ndiye uamke kuziba lile paa.

Barua yako ilinifikia mchana nikiwa bandani. Niliisoma mara moja, nikavua aproni. Wenzangu wanasema nilipita kwenye jua kali katikati ya uwanja, mimi Mama Kivuli, bila hata kitu kichwani.

Nilipita nyumbani nikakata kichana cha ndizi mbivu, nikachukua na parachichi gumu mkono wa pili, nikaenda yadi ya malori. Mkuu wao ana ofisi ndogo yenye feni inayolia. Aliniuliza, "Mama, unauza?" Nikaviweka vyote viwili juu ya karatasi zake. Nikamwambia, "Kwenu mkitaka parachichi liive haraka, mnafanyaje?" Akasema mama yake alikuwa analiweka na ndizi. Nikamwambia, "Basi mimi ndiye niliyeweka ndizi. Kila safari. Nilikuwa namtumia mwanangu. Dereva wako hakufungua mlango wala hakuuza kitu, alibeba nilichompa." Yule baba alitazama ndizi muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akazima feni ili acheke vizuri. Akasema wamempima huyu mtu matairi, mafuta, breki, na njia yote aliyopita, na dawa ilikuwa jikoni kwa mama yake yeye mkuu. Aliandika karatasi palepale. Taratibu anarudi kwenye lori, na lori ni lilelile la kwetu. Mimi nimeonywa nisitie tena kitu kwenye mzigo, na nimeahidi. Ukitaka ndizi, panda basi uje uzile huku.

Nilitoka nikamkuta uani, suruali imekunjwa, anasugua magurudumu ya gari ambalo si lake. Alikuwa anayasugua vizuri hata hivyo. Nilimpa ile karatasi. Alifuta mikono kwanza ndipo akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

Nilikuwa nimejaa hasira, mwanangu, hasira ya kupona. Nikamwambia, "Wewe ulijua kuna kifurushi changu mle ndani. Walikuuliza waziwazi. Kwa nini hukusema?"

Akasema hakujua kama ndizi ndizo zilizoharibu, angejua angenikataza.

"Hata hivyo ungesema kipo."

Akasema, "Ningesema, wangekukataza kuleta."

"Sasa wakinikataza?"

Akachukua muda wake, kama kwenye tuta. Akasema, "Usingekuwa na sababu ya kuja hadi kwenye lori."

Nilisimama pale na ndizi zangu. Mimi ni mwanamke mzima, nimezika mume, nimelea mtoto wa kaka yangu hadi akaoa, nina banda zima la watu wanaoniogopa, na nikajikuta nahesabu ndizi kichanani. Uliniuliza yule mtu ana nini na mimi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui, na nilikuwa naona haya kutokujua kwa umri huu. Sasa najua. Nimefurahi, mwanangu. Naandika hivi bila kuzunguka, kwa kuwa tumezunguka vya kutosha mwaka huu.

Nilipopata sauti nilimwambia, "Nyumba yangu haijafungwa lakiri. Ukitaka kuniona huhitaji lori." Nikaondoka haraka kabla hajajibu, maana yeye akitafuta jibu jua linazama.

Alikuja Jumapili, amevaa shati lililopigwa pasi, kwa miguu. Nilimwona tangu kule kwenye kona ya barabara, anakuja kwa mwendo wake uleule, nikawa nasema moyoni, huyu mtu atafika leo kweli? Alifika, akabisha hodi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango tangu asubuhi, mkono ukiwa kwenye komeo. Nikamwacha abishe mara ya pili, asije akadhani nilikuwa namsubiri.

Shangazi yako